Mali bila Daftari: Motokaa ya Fahari na Petroli Yake

Siku hizi hapa Mbarara, na hata katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, motokaa za fahari zilizokwisha kutumika zimekuwa nyingi, na bei zake zawashangaza watu. Toyota Mark X au Crown, yenye viti laini, injini ya silinda sita na mwendo mtulivu kama wa mtumbwi ziwani, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko motokaa ndogo ya umri ule ule. Mtu mwenye akili hujiuliza: kwa nini kitu kizuri kiwe rahisi kuliko kitu cha kawaida? Jibu limo ndani ya tangi. Nataka kueleza habari ya petroli: jinsi inavyoandikwa kitabuni, jinsi inavyotumika barabarani, na jinsi mnunuzi awezavyo kuujua ukweli kabla ya kutoa fedha zake.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la matajiri. Sivyo. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Wako humo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, na Kiswahili husikika kila siku sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umepunguzwa sana, na jamaa nyingi zimelazimika kujitafutia riziki. Kwa hiyo vijana wengi, baadhi yao wanafunzi wa zamani wa shule zetu, huchanga fedha kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu wapate kununua motokaa moja ya kubeba abiria kati ya Base Camp na Mbarara. Wakikosea katika kuchagua, hakuna benki itakayowaokoa. Fedha za watu kumi na wawili huteketea katika bomba la moshi la mtu mmoja.

Kwanza, tuangalie tarakimu za kitabuni. Muuzaji atakuambia, “Hii hutembea kilomita 12 kwa lita.” Pengine hasemi uongo. Mark X ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2004 ikiwa na injini ya lita 2.5, ilitangazwa kwa tarakimu zilizokaribia hizo. Lakini zilipatikana wapi? Hazikupatikana barabarani. Zilipatikana ndani ya nyumba ya majaribio, motokaa ikiwa imesimama mahali pamoja, magurudumu yake yakizungusha mapipa ya chuma.

Kipimo cha Japani cha wakati ule kiliitwa 10-15. Kilichukua sekunde 660 tu, yaani dakika 11. Motokaa “ilisafiri” kilomita 4 na kidogo, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Injini ilikuwa imekwisha kupata moto kabla ya kuanza. Mtambo wa kupoza hewa haukuwashwa. Hapakuwa na kilima, wala matope, wala abiria watano na magunia mawili ya maharagwe. Basi ndugu, ikiwa njia yako haina kilima, matope wala abiria, tarakimu za kitabu zakufaa. Lakini njia ya namna hiyo siijui katika wilaya ya Isingiro.

Wajapani wenyewe waliona upungufu huo, wakaleta kipimo kingine kiitwacho JC08, na baadaye kile cha kimataifa kiitwacho WLTC. Huko Ulaya mambo yalikuwa vile vile. Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi lilikusanya habari za motokaa nyingi zilizokuwa zikitembea, likaona kwamba zile za mwaka 2001 zilitumia mafuta zaidi ya kitabu kwa asilimia 9 hivi, na zile za mwaka 2015 kwa asilimia 40 hivi. Hata baada ya kipimo kipya kuanza mwaka 2017, Tume ya Ulaya ilitangaza mwaka 2024 kwamba motokaa za petroli na dizeli bado zilizidi kitabu kwa asilimia 20 hivi. Tena wako waliokwenda mbali zaidi: mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba ilichezea majaribio ya mafuta ya baadhi ya motokaa zake ndogo. Kwa hiyo tusishangae kwamba kitabu na barabara havipatani. La kushangaza ni mtu kununua kwa kitabu peke yake.

Pili, tuulize kwa nini motokaa kubwa hunywa. Wanafunzi wa fizikia watanisaidia hapa. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Injini haiwezi kuitumia yote. Karibu robo tatu hupotea katika joto la rejeta, la moshi na la msuguano, na robo moja tu hivi hufika kwenye magurudumu. Sasa tuseme motokaa pamoja na abiria ina uzito wa kilo 2,000, nayo yapanda mlima wa meta 300. Zidisha uzito kwa 9.8, kisha kwa 300: utapata megajuli 6 kasoro kidogo. Lakini kwa kuwa robo tu ndiyo ifanyayo kazi, hapana budi injini iunguze megajuli 24 hivi, yaani robo tatu ya lita, kwa mlima mmoja tu, mbali na petroli ya kwenda mbele. Ukiteremka upande wa pili hurudishiwi yote. Kila ukishika breki, sehemu ya kazi hiyo hugeuzwa kuwa joto na kutupwa hewani. Motokaa ya fahari ikiwa tupu huwa na kilo 1,500 hivi, na ile ndogo huwa na kilo 1,100 au 1,200. Tofauti hiyo ni kama kubeba watu watano usiku na mchana bila ya kuwatoza nauli.

Tena kuna upepo. Nguvu ya upepo unaozuia motokaa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, nguvu ile yaongezeka kwa zaidi ya nusu. Na motokaa ya fahari ina hila yake: ni tulivu mno. Ndani yake mtu huenda kwa 110 akidhani anakwenda kwa 80, kwa sababu hasikii kelele. Utulivu ule hulipiwa kwa petroli.

Mwisho, kuna kusimama. Injini kubwa ya silinda sita inayonguruma kituoni ikingoja abiria, huku mtambo wa kupoza hewa umewashwa, yaweza kumaliza lita moja au zaidi kwa saa bila ya kusogea hata hatua. Na dereva wa abiria, kila mtu ajua, hungoja sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe: kupima. Mwaka huu kijana mmoja wa Rubondo, mwekahazina wa kikundi cha kuweka akiba, alinijia akitaka shauri. Kikundi chake kilikuwa kimeona motokaa mbili mjini Mbarara: moja ya fahari yenye injini ya lita 2.5, na moja ndogo yenye injini ya lita 1.5. Ile ya fahari ilikuwa na bei pungufu kwa shilingi 4,000,000. Vijana wote walikuwa wamekwisha kuipenda.

“Mzee,” aliniambia, “muuzaji anasema hii hainywi petroli, inaonja tu.”

“Vema,” nikamjibu. “Basi twende tukaone inavyoonja.”

Tulimwomba muuzaji ruhusa ya kwenda nayo Base Camp na kurudi, petroli juu yetu na mtu wake akiwa ndani. Mwenye motokaa nzima hana sababu ya kukataa. Akikataa, hilo nalo ni jibu. Tukafanya hivi. Tulikwenda kwenye stesheni ya petroli, tukasimama mahali palipo sawa, tukajaza tangi mpaka bomba la pampu likajifunga lenyewe, wala hatukuongeza tone. Tuliandika kilomita zilizoonyeshwa na saa ya motokaa. Tukapakia watu watano wazima na mizigo, kama siku ya soko. Tukashika njia ya lami ya kwenda Kabingo, kisha tukaingia njia ya changarawe iendayo makazini. Tulisimama mara saba kama dereva wa abiria asimamavyo. Tuliporudi Mbarara tulikwenda kwenye pampu ile ile, upande ule ule, tukajaza tena mpaka bomba likajifunga.

Saa ilionyesha kwamba tumekwenda kilomita 124. Pampu ilionyesha lita 15.5. Gawa 124 kwa 15.5: kilomita 8 kwa lita, wala si 12. Nataka mwangalie na jambo jingine: kioo kidogo mbele ya dereva kilikuwa kikituambia 8.7. Kompyuta ya motokaa nayo hupenda kumsifu mwenyeji wake.

Siku ya pili tulifanya vivyo hivyo na ile motokaa ndogo: njia ile, watu wale, mizigo ile. Kilomita 124, lita 10.3. Hizo ni kilomita 12 kwa lita.

Sasa hesabu. Ili iwe nyepesi, tuchukue bei ya petroli kuwa shilingi 5,000 kwa lita. Kila msomaji aweke bei ya siku yake. Tofauti ya safari moja ni lita 5.2, yaani shilingi 26,000. Zile shilingi 4,000,000 zilizookolewa siku ya kununua, gawa kwa 26,000: zitakwisha katika safari 154. Dereva akienda mara moja kwa siku, siku sita kwa juma, hiyo ni miezi sita tu. Na kwa mwaka wa safari 300, hasara ni shilingi 7,800,000. Yule mwekahazina aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, “Hiyo ni karo ya watoto wetu.” Kikundi kilikutana Jumapili, wakasomewa hesabu ile, wakanunua ile ndogo. Wawili walinuna. Sikuwalaumu, maana motokaa ile ya fahari kweli ilikuwa nzuri.

Safari moja yatosha kuonyesha njia, lakini haitoshi kuwa hukumu ya mwisho. Pampu yaweza kujifunga mapema au kuchelewa kwa nusu lita, na nusu lita katika lita kumi ni kosa la asilimia 5. Kwa hiyo ukiisha kununua, endelea kuandika: tarehe, kilomita, lita, fedha. Jumlisha kila mara tano. Daftari la shilingi elfu moja litakuambia mengi kuliko fundi, kwa sababu motokaa iliyokuwa ikienda kilomita 12 ikianza kwenda 10 bila ya njia kubadilika, ujue inaumwa mahali.

Hapa niwaonye wanafunzi juu ya mtego mmoja wa hesabu. Watu hudhani kwamba kilomita 2 za ziada kwa lita ni faida ile ile popote. La. Kwa safari ya kilomita 120, motokaa iendayo kilomita 6 kwa lita hunywa lita 20. Ikitengenezwa ikaenda 8 hunywa 15. Umeokoa lita 5. Lakini motokaa iendayo 12 hunywa lita 10, na iendayo 14 hunywa 8.6 hivi. Umeokoa lita 1.4 tu, ingawa kote umeongeza kilomita 2. Ndiyo maana nchi nyingi huhesabu kwa lita katika kilomita 100. Wazee waliozoea maili kwa galani wajihadhari pia: galani ya Kiingereza ni lita 4.55, na ya Kimarekani ni 3.79. Motokaa iendayo kilomita 8 kwa lita huenda maili 22.6 kwa galani ya Kiingereza, na 18.8 tu kwa ya Kimarekani. Motokaa ni ile ile, lakini maneno mawili.

Je, motokaa kuukuu yaweza kunywa kuliko ilivyoumbwa? Naam, na sababu ni nyingi. Nitataja zile nizionazo mara kwa mara katika karakana za Mbarara. Ya kwanza ni themostati iliyoondolewa. Hiki ni kijilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Motokaa ikichemka, mafundi wengine hukitoa na kukitupa, badala ya kuutafuta ugonjwa wenyewe. Tangu hapo injini hukaa baridi, na kompyuta yake huimwagia petroli ikidhani ni asubuhi siku nzima. Ya pili ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Ikichoka, injini haijui kama imekula kupita kiasi. Ya tatu ni breki zinazoshika: mwisho wa safari karibisha kiganja kwenye kila rimu, bila ya kuigusa, na kama moja ina joto kuliko wenzake, umempata mwizi. Ya nne ni tairi zisizo na upepo wa kutosha. Ya tano ni rimu kubwa za mapambo, ambazo huongeza uzito na, kipimo cha tairi kikibadilika, huifanya saa ya kilomita iseme uongo hata hesabu yako yote ikaharibika.

Tazameni pia umri. Sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini motokaa yenye miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo Mark X za mwanzo mnazoziona zikiuzwa sasa zimekwisha kukaa hapa miaka mingi, zimepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja ameacha ugonjwa wake ndani.

Sisemi kwamba motokaa ya fahari ni mbaya. Wanafunzi wa zamani wa siku nyingi watakumbuka kwamba Mercedes-Benz ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara tatu mfululizo, mwaka 1959, 1960 na 1961, katika matope ambayo yangeizamisha nyati. Heshima ile ilikuwa ya haki. Lakini katika mashindano yale mshindi hakuulizwa amekunywa lita ngapi. Na leo, mtu aendaye Kampala mara moja kwa mwezi kwa njia ya lami, peke yake au na mkewe, kwa mwendo wa 80 usiobadilika, ataiona motokaa ile ile ya silinda sita ikikaribia tarakimu za kitabu. Tena kwa kuwa hatembei sana, bei rahisi ya kununua yaweza kumfaa kweli. Motokaa si nzuri wala mbaya peke yake. Ni nzuri au mbaya kwa njia fulani, kwa mizigo fulani, na kwa kilomita fulani za mwaka.

Tukumbuke vilevile kwamba nchi yetu haina bahari. Sehemu kubwa ya petroli itumikayo hapa hushushwa Mombasa, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kuingia katika tangi lako Mbarara. Kila lita ifikapo kwetu imekwisha kulipiwa nauli ndefu, na kuichoma bure ni kutupa kitu kilichotoka mbali.

Basi, wanafunzi, nawapeni kazi. Mkienda likizo, mkikuta baba, mjomba au jirani mwenye motokaa au pikipiki, mwombeni ruhusa ya kuandika lita na kilomita kwa mwezi mmoja. Msimwambie kitu mpaka mwezi uishe. Kisha mpeni karatasi kwa adabu, bila ya kucheka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na petroli huisha upesi kuliko mali nyingine, maana hata ikiwa imekwisha huachi kuisikia harufu yake.

Mwanafunzi wa zamani,
Mbarara